Mwanamke wa Ukumbi wa Tatu

Benchi letu liko nje ya duka la Abdulhadi, hapa Columbia Heights, huku ughaibuni, kando ya kituo cha basi. Jumapili ya jua hatukosi: Abdulhadi na dele lake la kahawa, Zadock wa lori tunayemwita Maili, na mimi ambaye kazi yangu ni kucheka. Leo Badawy, tunayemwita Kimya, alifika akiongea, sisi ndio tukanyamaza.

Jana alitembelea lile jumba la nguzo nyeupe kule St. Paul, ambalo wenyewe walikufa wakaacha picha zao za kuchora ukutani, na sasa ni makumbusho. Mlangoni alipiga hodi, akavua viatu. Mlinzi alimwambia avae tu. Akajibu kwamba nyumbani kwa watu hakuingiwi na viatu, akazunguka na soksi. Tulicheka. Yeye hakucheka.

— Ukumbi wa tatu nimemuona mamangu.

Sote twajua mamake alifariki Lamu yeye akiwa na miaka saba, na hakukubali kupigwa picha hata siku moja.

— Amekaa dirishani, shela imemteleza begani. Ananiangalia vile alivyoniangalia nikichelewa kutoka chuo cha Kurani.

— Hiyo ni simple, Zadock akasema. Hao matajiri walikuwa na meli. Walishuka Lamu, wakamuona, wakamchora.

— Picha ina miaka mia, Maili.

— Basi ni nyanyake mamako. Sura hurithiwa.

Abdulhadi alikataa. Kwake yeye, mchoraji alimuota tu, maana mtu aweza kuota uso ambao bado haujazaliwa. Zadock akaona kama ni hivyo jumba lote ni la ukoo wa Badawy, twende tuka-claim hata chumba kimoja.

Badawy alikuwa kitini, lakini mawazo yake hayakuwa nasi tena. Nilimuonea wivu, mimi mwenye picha tele za mamangu kwenye simu na siziangalii.

Bintiye Swafiya alikuja kumchukua, akamkuta akisimulia upya. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Baba, kabla ya jana, ulikuwa unamkumbuka ana sura gani?

Badawy aliitazama saa yake. Zadock akatazama barabara. Abdulhadi alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa tayari kimejaa.

— Kule jumbani wanafunga saa kumi na moja, Badawy akasema, akainuka. Nipeleke, mwanangu.