Fundi Taib Gharib na Nati ya Mwaka wa Arobaini na Tatu

Alhamisi, tarehe 30 Septemba 1948, Fundi Taib Gharib anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha marobota miaka ishirini na tisa na miezi mitano. Karani wa ghala ameombwa aandike wasifu wake, na tangu aombwe hajui aanzie wapi. Karani huyu kazi yake ni kuhesabu marobota. Mambo ya mafuta, mipira na nati humchanganya kichwa, na Fundi Taib mwenyewe humchanganya zaidi.

Aliajiriwa Aprili 1919, akitokea Mji wa Kale, kwa kazi ya kushusha mkonge kwenye malori yaliyoingia kwa njia ya Makupa. Mwaka wa tatu aliwekwa kwenye mashine ya kushindilia, ile inayosukumwa kwa nguvu ya mafuta yanayobanwa ndani ya mabomba mpaka lundo la mkonge refu kuliko mtu likawa robota la kufungwa kwa mikanda ya chuma. Hakuondoka tena pale. Mabomba ya shaba yalipobadilishwa kwa mipira wakati wa vita, yeye ndiye aliyefunga viungo vyote, na kila kiungo kilichovuja aliitwa yeye.

Hapo ndipo tulipokuwa tukipotea. Mtu akiona mafuta yanatoka kwenye kiungo, hushika spana akakaza. Fundi Taib hakukaza. Alizima mashine, akaachia nguvu yote ya mafuta, akakifuta kiungo kwa kitambaa hadi kikakauka, kisha akakipaka poda, poda hii hii wanayojipaka wanawake. Halafu aliwasha taratibu, akakaa kando, akatazama ni wapi poda inaanza kulowa. Aliyemhimiza aliambiwa aache spana: "Wata kukaza, tazama kwanza." Meli inangoja Kilindini, Bwana Meneja anatazama saa, na Fundi anatazama poda!

Poda hiyo ilimletea balaa lake. Alinunua mikebe mingi mno katika duka moja la Bondeni, hata mwenye duka akampa pongezi za ndoa mpya. Pongezi zilifika nyumbani kabla yake. Mkewe, Bi Swabaha, alikuja kiwandani na buibui lake akataka aonyeshwe huyo anayepakwa poda. Akaonyeshwa mashine. Aliitazama, akarudi kwake, na hadi leo hatujui kama aliamini.

Mwezi wa Agosti Fundi alikuwa amekwisha kumwachia mashine Charo Mung'aro, mwenzake wa kazi kwa miaka minane, ambaye sote tulitaraji ashike nafasi yake. Jumatatu moja kiungo cha chini kikaanza kudondosha mafuta. Charo, kwa wasiwasi, akakaza. Mafuta yakazidi. Marobota kumi na moja yalilowa yakakataliwa. Bwana Meneja alifika na gari lake kutoka Kizingo, hasira zimempanda tangu njiani, akasema Charo hawezi kazi, na iandikwe barua ya kuomba fundi kutoka Nairobi. Karani aliiandika barua hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na roho ilimuuma.

Fundi Taib alikuja, akaushika ule mpira kwa juu, palipozungushwa gunia la kuukinga usikwaruzwe. Kisha akaenda zake nyumbani, saa nne ya asubuhi, jambo ambalo hakulifanya tangu aajiriwe. Tulishangaa. Kuna waliosema ameugua, na kuna waliosema amemkasirikia Charo. Karani, Mungu amsamehe, alidhani ni kijicho cha mtu anayeondoka.

Charo akabaki na mkebe wa poda. Akalifungua gunia, akavipaka viungo vyote viwili. Akaona kwamba kiungo cha chini hakina kosa. Mafuta yalitoka kiungo cha juu, yakiteremka ndani ya gunia na kudondoka chini. Akafungua nati ya juu, akatia nyingine, mashine ikatulia. Ile mbovu aliitia mfukoni, wala hakumwonyesha mtu. Barua ilikuwa bado mezani ikingoja saini.

Siku ya pili Fundi Taib aliingia ofisini amevaa kanzu, koti na kofia. Hakukaa. Alisema, "Nati ile ya juu naliitia mimi, mwaka wa arobaini na tatu, na naliitia vibaya." Ilikuwa nati ya Kimarekani kwenye shingo ya Kiingereza, pale nati inapozungushiwa, na meno ya pande mbili hayalingani. Hushikana meno matatu kisha zikawa ngumu, na kwa haraka ya siku za vita alidhani ugumu ule ndio kukaza. Bwana Meneja hakuamini. Alidhani mzee anamkinga mtu wake. Basi Fundi akaieleza nati asiyoiona: meno matatu ya mwanzo yamelika, yaliyobaki mazima, na ndani uzi wa mkonge umezungushwa mara tano. Charo akaitoa mfukoni shingo upande. Tukahesabu uzi. Mara tano.

Je, Fundi alijua miaka yote hiyo, au alijua asubuhi ile alipoushika mpira? Karani amemwuliza mara mbili, na mara zote mbili ameulizwa yeye hali ya watoto.

Fundi ameomba jambo moja tu: kisa cha nati kiandikwe humu, au lisiandikwe lolote. Karani alijaribu kukitoa, kwa sababu hajapata kuona mtu akiagwa kwa kosa lake. Lakini kila alipokitoa, Charo alibaki kuwa mtu aliyeharibu marobota kumi na moja.

Fundi Taib, ahsante kwa miaka yote, na kwa asubuhi ile uliyokuja kujisema mwenyewe. Tunakuombea afya na raha, wewe na Bi Swabaha, na siku zisizo na haraka. Barua ya Nairobi haikutiwa saini. Kuanzia Ijumaa, tarehe mosi Oktoba, fundi wa mashine ni Charo Mung'aro.