Kibao Kilichosema Karibu

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, na ukitaka kuniuliza nani ana kosa katika lile shauri la nyani, naomba uniache nishone. Kichwa kimenivurugika. Ninachojua ni kwamba pale bustani ya wanyama palikuwa na vibao viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kiliandikwa USISIMAME, cha chini KARIBU. Cha juu kikatoweka. Jumapili mama mmoja akasoma kilichobaki, akakaribia kama alivyokaribishwa, nyani akampasua mkono, nyuzi tisa. Sasa mlishaji wa nyani, shemeji yangu aliyemuoa dada yangu, kesho anaitwa kujieleza. Barua imesema wazi kwamba anaweza kufukuzwa kazi, na dada ana watoto wanne.

Aliyeanza ni Wakili. Si wakili kweli, alifagia mahakamani miaka ishirini, sheria ikamwingia pamoja na vumbi.

— Mnyama ni wa bustani, basi na meno ni ya bustani. Shemeji hahusiki.

Fundi Herufi, aliyeviandika vile vibao, akasema na yeye hahusiki, herufi zake hazina kosa hata moja.

— Herufi sawa, nikamwambia, lakini sentensi moja unaikataje vipande viwili?

— Mbao zilikuwa fupi.

Wakili akasema basi ashitakiwe seremala, na seremala akisema mti ulikuwa mfupi, aitwe aliyeupanda. Fundi akakataa. Yeye alitaka ashitakiwe nyani, ila akakumbuka kwamba nyani anakaa nyuma ya kibao, upande usio na maandishi, kwa hiyo hakuonywa. Wakili akaafiki kwamba hiyo ni hoja nzito. Hapo mimi nilishapotea kabisa. Shemeji alikuwa anakizungusha kikombe tu, kahawa imepoa.

— Wewe mwenyewe umewaandikia nini? nikamuuliza.

— Nimeandika kile kibao upepo ulikichukua.

Tukamsifu. Upepo haushitakiwi.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama mbele yangu, ndala iliyokatika mkononi, mkono wa pili umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Sijui alitusikiliza tangu wapi. Akanipa ndala.

— Huo upepo, akasema taratibu, ulikipeleka wapi?

Mimi nikainamia ndala. Mwezi uliopita benchi hili lilivunjika katikati, Shemeji akatuletea ubao mzuri, umepakwa rangi upande mmoja. Niliupigilia misumari mwenyewe, maandishi yakiangalia chini.

Mama akaomba mmoja wetu ampishe akae, miguu inamuuma.

Tulikuwa wanaume wanne kwenye lile benchi. Hakuna aliyesimama.