Hoja Isiyokatizwa

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, majira ya saa mbili asubuhi, mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu na msimamizi wa kitengo cha ufuaji katika hospitali iliyo mkabala na kijiwe chetu, alifika akiwa amevaa koti lake jeusi la mikutano, akakataa kuketi. Saa nne alitakiwa kusimama mbele ya kamati ya uendeshaji, kwa mara ya pili, ili kukinusuru kitengo chake. Kikaushio, ile mashine ya kukaushia mashuka, kilikuwa kimekufa tangu Septemba. Mashuka ya wodi zote yalikamuliwa kwa mikono na kuanikwa uani, na mvua iliponyesha wagonjwa walilalia magodoro matupu. Kamati ilikuwa imekaribia kuikabidhi kazi hiyo kwa mkandarasi wa nje, jambo ambalo lingemwondoa kazini yeye pamoja na wanawake wote walio chini yake. Yafaa msomaji aelewe pia desturi ya kijiwe chetu. Benchi letu lina egemeo upande mmoja tu, ule unaogusa ukuta wa duka la kinyozi, na upande huo huketi yule ambaye hoja yake ya mwisho ilikosa wa kuijibu. Mimi nimeketi hapo mara nyingi tangu nilipostaafu ukarani, tarehe 30 Juni 2008. Lakini asubuhi ile egemeo lilikuwa la kinyozi mwenyewe, tunayemwita Wembe.

— Shikamoo, mjomba. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, nikamwitikia. Keti upate kahawa.

— Siwezi, mjomba. Nikikaa koti litajikunja. Na kahawa ikimwagika, sina koti jingine.

— Kwani hujakaa tangu lini? akauliza Wembe.

— Tangu jana mchana.

Alikuwa akitembea kutoka mwisho wa benchi hadi kwenye jiko la muuza kahawa na kurudi, laptopu kifuani, macho kwenye lango la hospitali. Kila gari lilipoingia, alisimama. Lilipopita, akaanza tena.

— Lakini mara ile ulifanya vizuri, nikamwambia. Tarehe 22 Novemba. Ulitueleza mwenyewe.

— Nilifanya vizuri sana, mjomba. Slaidi zote nilizimaliza. Hakuna aliyenikatiza, hakuna aliyeuliza, wakapiga makofi, wakaenda kula.

— Uliwafunga midomo! Wembe akapiga goti lake. Kamati nzima, kimya! Hapa ungekalia egemeo mpaka mwaka mpya.

— Sasa mbona wananiita tena?

Swali hilo lilipita bila kushikwa na mtu, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa ameshapata ushauri wa kutoa. Wa kwanza alikuwa Spika, ambaye hukodisha vipaza sauti kwa ajili ya harusi na mikutano, na ambaye hata anapoomba sukari husikika mtaa wa pili.

— Tatizo ni sauti, dada. Nakusikiliza hapa, unaongea kama mtu anayeficha kitu. Mtu mwenye sauti nani atamshinda?

— Chumba chenyewe kidogo, kaka. Meza moja, viti kumi.

— Ndiyo vizuri! Chumba kidogo sauti inajaa upesi. Nina spika mbili kubwa pale dukani, hazina kazi leo. Naziweka dirishani, moja kulia, moja kushoto.

— Kamati itakuwa ya viziwi, akasema mwenzetu Dalali.

— Kiziwi anauliza swali? Basi!

Dalali, ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu vyumba vya kupanga, alisogea karibu na mpwa wangu na kushusha sauti kana kwamba anamweleza siri ya nyumba.

— Achana na huyu. Sikiliza, mwanangu. Mimi mpangaji simwambii choo kiko nje mpaka awe ameshaipenda sebule. Watu hawapendi kuambiwa, wanapenda kuonyeshwa. Una mashuka mabichi?

— Yako mengi mno.

— Chukua kumi. Kila kiti kimoja. Wakija kukaa, wanakaa kwenye shida yenyewe.

— Mganga Mkuu akae kwenye shuka bichi?

— Na suti yake! Halafu unafunga mlango, ufunguo mfukoni. Hatoki mtu mpaka awe amekubali. Mimi nyumba ya korongoni niliipangisha hivyohivyo.

— Ile iliyobomoka? akauliza Spika.

— Ilibomoka baada ya mkataba, bwana. Usichanganye mambo.

Mpwa wangu alicheka kidogo, kisha akaangalia saa, na kicheko kikakatika. Nilimwona akisogeza midomo, akirudia maneno ya ufunguzi, akisahau katikati, akianza upya. Nami, kwa kuwa nilikuwa mjomba wake na mtu pekee pale aliyewahi kuhudhuria vikao rasmi, niliona ni wajibu wangu kuuweka mjadala katika njia iliyonyooka.

— Hotuba yoyote ya kiofisi, nikasema, huanza na historia. Eleza lini kitengo kilifunguliwa. Eleza nani alikuwa msimamizi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kila mmoja na miaka yake. Mashine ya kwanza ililetwa Februari 1974. Hilo nalikumbuka mimi mwenyewe. Kamati ikishazipokea tarehe hizo, haiwezi tena kukivunja kitengo bila kuona aibu mbele ya miaka yote hiyo.

— Na wakisinzia, mjomba?

— Wape karatasi wazinakili.

— Lo! Wembe akashika kichwa. Mtoto wa watu ataanza sabini na nne, saa nne hii, afike mwaka huu keshokutwa, Alhamisi!

Kisha akasimama, jambo analolifanya kwa nadra anapolikalia egemeo, na kuvuta kiti chake cha kunyolea hadi barazani.

— Ninyi wote mnazunguka. Kazi ni moja tu: usipumue. Mimi mteja akiwa na wembe shingoni, ameshawahi kuniuliza swali? Hajawahi. Kwa nini? Hakuna nafasi. Sasa wewe maneno yako ndiyo wembe. Ukimeza mate tu, mtu ameingiza neno, umekwisha. Hebu jaribu. Simama hapo. Sisi ndiyo kamati.

— Hapa barabarani?

— Barabara ina ubaya gani? Anza!

Akaanza. Alitaja kitengo, akataja wodi, akataja maji, sabuni, mvua, kamba za kuanikia, vidole vya wale wanawake vilivyochubuka kwa kukamua, na kila alipoelekea kupumua Wembe alipiga makofi mawili na kufoka, «Twende!» Spika naye akawa anainua mkono juu, kumwashiria apandishe sauti. Dalali alijaribu kukohoa ili apate upenyo, hakuupata. Mimi nilitaka kumsahihisha mwaka mmoja; sikuupata upenyo pia. Alipomaliza alikuwa amejishika kwenye nguzo ya baraza, jasho likimtiririka hadi kwenye ukosi wa lile koti.

Hakuna aliyekuwa na la kusema.

— Imekwisha hiyo! Wembe akapangusa egemeo kwa taulo la dukani. Njoo ukae, dada. Ni lako. Ukienda kule ukafanya hivihivi, kazi yenu ipo mpaka mstaafu.

— Sikai. Saa ngapi sasa? Naona giza, mjomba. Mbona naona giza?

Hapo ndipo alipozungumza mtu ambaye hatukuwa tumemtilia maanani. Alikuwa amefika kungoja dirisha la dawa lifunguliwe, mguu mmoja ukiwa na plasta hadi gotini, na alikuwa amesimama kwa magongo pembeni ya jiko, akinywa kahawa yake polepole.

— Samahani, dada. Mimi mgeni hapa. Naomba kuuliza.

— Uliza, kaka.

— Mara ile walipopiga makofi, ulikuwa umewaomba nini?

Wembe alicheka.

— Si kikaushio! Husikii?

— Nimemsikia akieleza shida, akasema yule mgeni. Hata mimi ningepiga makofi. Lakini sijasikia anataka wafanye nini.

— Aliwaambia, akasema Dalali. Bila shaka aliwaambia. Mwanangu, si uliwaambia?

Mpwa wangu aliifungua laptopu juu ya kiti cha kunyolea, akapitisha slaidi moja baada ya nyingine, upesi, kisha polepole, kisha akazirudia kutoka mwanzo. Tulisimama nyuma yake tukinyoosha shingo. Palikuwa na picha za mashuka, picha za mvua, jedwali la wodi, na karibu na mwisho ukurasa wenye kichwa «Changamoto za Ukaushaji».

— Hapa, akasema Spika, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona. Hapa si umeomba?

— Hapa nimelalamika tu, kaka.

— Basi ungewaomba nini? nikamuuliza.

— Sijui, mjomba! Kikaushio kipya? Hawatanunua leo wala mwakani. Fundi alisema mota tu ndiyo imeungua. Au niwaombe muda? Au wamzuie huyo mkandarasi kwanza? Nimekuwa nikihangaika nisisahau maneno, sikuwahi kujiuliza maneno yenyewe yanataka nini.

Yule mgeni aliomba radhi, akasema mguu unamuuma, na akaketi upande wenye egemeo. Wembe alifumbua kinywa ili ampinge, kisha akakifumba, kwa kuwa, kwa desturi yetu, mtu huyo hakuwa amekosea.

Saa tatu na nusu mpwa wangu alikuwa bado anafuta slaidi, akiandika sentensi moja, akiifuta, akiiandika tena. Muuza kahawa alimwaga masalia ya birika mtaroni na kuanza kufunga vyombo vyake, hakuna aliyemzuia. Ndipo binti akaifunga laptopu, akavuka barabara bila kuaga, karibu agongwe na gari la wagonjwa, nasi tukabaki tukilitazama lango kama watu waliopoteza kitu ndani yake.

Mota mpya ilifungwa Alhamisi, tarehe 27 Aprili 2017, na kitengo kinafua hadi leo, kikiwa na wanawake walewale. Kwa sababu hiyo habari za kikao kile zimeenea, na zimeenea vibaya. Dalali huwaambia wapangaji wake kwamba kamati ilikalia mashuka mabichi. Hakuna shuka lililobebwa. Wembe naye huwasimulia wateja, akiwa amewashika shingo, kwamba dada wa watu alinguruma nusu saa nzima na kamati ikakaa kimya kabla ya kusalimu amri. Hilo nalo si kweli, na kwa kuwa niliupata ukweli kutoka kwa mpwa wangu mwenyewe jioni ile, na kutoka kwa matroni wa hospitali, mjumbe wa kamati, kesho yake, Jumatano tarehe 15, naliweka sawa hapa. Alisema mambo mawili tu: kwamba anaomba mota moja, na kwamba anaomba hoja ya mkandarasi isiamuliwe hadi mwisho wa Aprili. Matroni akamkatiza. Mhandisi akamkatiza matroni. Mganga Mkuu akataka kuiona hiyo mashine kwa macho yake, na hadi adhuhuri kamati nzima ilikuwa uani, katikati ya kamba za kuanikia, watu wakisukuma mashuka kwa viwiko ili waonane usoni, kila mmoja akimuuliza binti swali kabla mwenzake hajamaliza la kwake.