Bi Miwani na Watoto wa Maji ya Chumvi

Ndugu, majirani na marafiki, poleni kwa jua, na poleni zaidi kwa kusubiri. Ratiba mliyoshika inasema tungeanza saa nne. Kosa si la dereva wala la wachimba kaburi. Ni mume wa marehemu, shemeji yangu, aliyekataa kutoka nyumbani, na nikifika hapo mtaelewa. Mimi ni mdogo wa marehemu. Yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na kwa hiyo nimepewa kazi hii ya kumsomea wasifu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa kwanza wa karani wa stesheni na mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na tangi la maji la reli. Mama alisimulia kwamba alitoka macho wazi, akamkodolea mkunga kana kwamba anamdai. Macho yale hayakupumzika tena.

Shule ya msingi alisoma jirani na nyumbani, sekondari akasoma bweni, akamaliza mwaka 1979. Siku moja wakati wa likizo aliokota kioo cha miwani ya babu kilichovunjika, akachota maji ya mtaroni kwenye kifuniko cha chupa, akainama juu yake mpaka uji wake ukapoa. Kisha akaniita, "We kichwa maji, njoo uone! Kuna watu humu!" Nilichungulia, sikuona kitu. Alinionea huruma tangu siku hiyo.

Mwaka 1980 aliingia duka la miwani kama mwanafunzi wa fundi, akasugua na kukata vioo hapo hapo mpaka alipostaafu mwaka 2016. Wateja walimwita Bi Miwani, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa miwani maisha yake yote. Wengi wenu mnaonitazama sasa mnanitazama kupitia mikono yake.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na fundi redio, mtu wa maneno machache. Mmoja alishughulika na kuona na mwingine na kusikia, tukawatania kwamba nyumba yao haikosi kitu. Hapa lazima nisahihishe ratiba. Karatasi inasema hawakujaliwa mtoto. Jana shemeji aliweka kidole kwenye mstari huo akasema, "Hapa si kweli." Na si kweli. Februari 1989 dada alijifungua binti, naye alipumua mpaka adhuhuri. Alizikwa hapa, kando ya shimo hili mnaloliona. Hakusomewa wasifu, maana tulidhani hakuna cha kusoma. Watu walimwambia dada, "Utapata mwingine," naye akaitikia kwa adabu, na mwingine hakuja.

Miaka ikapita. Mteja mmoja aliyekuwa anahama mji alimwachia tangi dogo la kioo lenye kamba wa maji baridi, wale wadogo wanaopitisha mwanga mwilini. Jike alibeba mayai chini ya tumbo, akayapepea kwa vimiguu vyake usiku na mchana. Watoto wakaanguliwa, na baada ya siku chache hapakuwa na hata mmoja. Ikawa hivyo tena, na tena. Dada alikonda. Mwishoni muuza samaki wa mapambo ndiye aliyemweleza kwamba mama huishi maji baridi, lakini watoto wa aina ile hawakui bila maji ya chumvi. Lazima uwatoe kwa mama yao mapema, uwalee kwenye tangi la chumvi, na wakishakomaa uwarudishe.

Alinunua chumvi ya bahari, akapima, akahamisha. Bado wakafa, safari hii kwa kosa lake. Kila maji yalipopungua tangini aliongeza maji yenye chumvi, mpaka yakawa makali kupita kiasi. Alipogundua alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Baadaye alimwambia kila mtu, hata asiyeuliza, "Maji ndiyo yanayoondoka. Chumvi haiendi popote." Tangu hapo akawa anaongeza maji baridi matupu, na watoto wakaishi.

Chumba cha nyuma kikawa chao. Dirishani zilipangwa chupa za maji yaliyoota mwani wa kijani, ndicho chakula chao. Siku ya kuwahamisha aliziba mwanga kwa blanketi, akaegesha tochi kwenye kona ya tangi, nao watoto, wadogo kama vumbi lenye uhai, wakasogea kwenye mwanga, vichwa chini, miguu juu, akawavuta taratibu kwa mpira mwembamba. Nilipita mlangoni nikamsikia akisema, "Njooni. Njooni."

"Dada, unaongea na nani?"

"Na wanaokuja."

Hata maji yalipoonekana matupu hakuizima tochi. "Anayechelewa naye ni mtoto," alisema.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Daktari akamkataza chumvi, naye akacheka, "Basi nimewaachia wanangu yote." Alipolazwa mara ya mwisho, mwezi uliopita, kizazi kimoja kilikuwa bado kwenye tangi la chumvi. Wakikomaa, hawa wadogo huacha kuning'inia vichwa chini. Hugeuka, wakashika chini na kutembea kama wazazi wao, na hapo wanayataka maji baridi. Wakicheleweshwa sana, wanakufa. Shemeji aliwalisha kila siku, kisha akaenda hospitali, na kila siku swali lilikuwa lile lile.

"Wamegeuka?"

"Bado, mke wangu."

Alitutoka Jumanne tarehe 3 Oktoba 2023, saa nane mchana. Jibu lilikuwa bado ni bado.

Jumatano tulifungua chumba cha nyuma. Blanketi lilikuwa limetundikwa dirishani na tochi inawaka kwenye kona yake, na wadogo wote wamejikusanya pale. Shemeji alisema, "Mimi sijaigusa." Ufunguo anao yeye peke yake. Mimi si mtu wa mapepo, mnanijua, lakini niliurudisha mlango polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Hatukuizima. Nani angethubutu? Betri za tochi ile huisha kwa siku moja, na Alhamisi ilikuwa inawaka, na Ijumaa ilikuwa inawaka.

Leo asubuhi gari lilikuwa linaunguruma nje, shemeji akaingia kuaga kile chumba. Akaniita. Sakafuni mwa tangi alikuwepo mmoja anatembea, kichwa mbele. Halafu mwingine. Halafu wengi.

"Shemeji, watu wanasubiri makaburini."

"Watasubiri. Yeye alisubiri zaidi yao. Shika mpira."

Basi tukayashusha maji baridi tone kwa tone, kwa sababu ukiharakisha unawaua, mpaka wote wakarudi upande wa mama yao. Mliokuwa mnashangaa mikono ya koti lake iliyolowa, ni maji hayo. Alitazama tangi la chumvi mpaka akaridhika kwamba hakuna aliyechelewa. Aliponyoosha mkono kuizima tochi, tuliikuta imezimika.

Marehemu ameacha mume, wadogo watatu, wapwa na mashangazi, na tangi moja lenye uhai nyumbani. Ametanguliwa na wazazi wake, na binti yake, ambaye leo ametajwa mbele za watu kwa mara ya kwanza na anayelala hatua chache kutoka hapa.

Dada, hukuacha kuuliza, na mumeo hakuwahi kukudanganya. Amenituma nikujibu kwa sababu sauti yake imekwisha.

Wamegeuka. Pumzika sasa.