Tumbili wa Upande wa Albano

Siku ile, kwenye benchi la Nasser pale Pugu, hatua chache kutoka stesheni, walikuwepo Nasser mwenyewe, mwenye duka na dele la kahawa. Gaspar wa reli, waliyemwita Bendera. Mwalimu Theonest, waliyemwita Chaki. Mzee Mwinshehe, Mzaramo mwenye shamba la mahindi bondeni. Na Albano, Mnyamwezi mpakia mizigo. Pembeni, juu ya mkeka, alikaa Auleria na sinia lake la kashata, mwanawe wa miezi miwili amelala pajani. Na kulikuwa na mtoto wa tumbili, mdogo kama papai bichi, amefungwa kamba ya katani kwenye mguu wa benchi. Msimu mzima tumbili walikuwa wakila mahindi ya Mwinshehe, na alfajiri ile mtego wake ulinasa. Alisema akimaliza kahawa atamnyonga huyu mdogo, amtundike shambani, wenziwe wamwone wakome. Auleria alimfunika mwanawe masikio kwa kanga, ingawa alijua mtoto haelewi.

— Albano, hebu mtazame vizuri, alianza Mwinshehe. Hii si sura ya shangazi yako wa Tabora?

— Shangazi yangu ana masharubu zaidi.

Wakacheka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani: mmoja atamtukana mwenziwe hata msibani, atamchukulia kuku wake uani mchana kweupe, na mwenye kuku akikasirika, aibu ni yake.

— Hujakosea sana, mzee, alisema Theonest. Huyu ni ndugu kweli. Ila si wa Albano peke yake. Ni wetu sote.

Nasser alisimamisha dele hewani.

— Chaki! Asubuhi yote hii unatufanya wana wa tumbili?

— Sikusema tumezaliwa na tumbili, Bwana Nasser. Nasema sie na yeye tuna babu mmoja, wa kale mno, ambaye hakuwa mtu wala hakuwa tumbili. Wajukuu wakatawanyika, kila ukoo ukabadilika kivyake, kidogokidogo.

— Na huyo babu aliacha urithi gani? aliuliza Gaspar. Maana sie tumepata kodi ya kichwa, wao wamepata mkia. Nani kapunjwa hapo?

— Shika kiganja chake uone. Kina mistari kama chako. Kucha zake bapa kama zako. Tena pima mkono wako: mfupa mmoja juu, miwili chini, halafu vidogovidogo, kisha vidole. Bawa la popo ni hivyohivyo. Mguu wa paka, hivyohivyo. Sasa popo vidole vya nini, na yeye haandiki?

— Fundi ni mmoja, alisema Nasser. Seremala wangu naye madirisha yake yote yanafanana.

— Sawa. Na kifandugu unachokikalia hapo? Hicho ni kishina cha mkia. Fundi gani anaacha bawaba pasipo na dirisha?

Gaspar alijipapasa nyuma taratibu, akadhani hakuna aliyemwona. Wote walimwona.

— Nyie hamjui kitu, alisema haraka. Hawa walikuwa watu kama sie. Mjerumani alipoanza reli, wakakimbia wasibebeshwe mataruma ya chuma. Wakapanda mitini, wakanyamaza. Ukisema neno moja tu, unaandikwa kazi.

— Na mkia? aliuliza Theonest.

— Ungelala mtini miaka yote hiyo wewe, ungeota miwili.

— Bendera, reli ina miaka hamsini tu! Mie nasema mamilioni ya miaka.

— Basi walianza kukimbia mapema.

— Kwetu tunajua kisa chenyewe, alisema Albano. Zamani sote tulikaa juu mitini. Tumbili wakatufukuza kwa sababu ya kelele. Wa kwanza kuanguka alikuwa Mzaramo, tena alitanguliza kichwa.

— Mnaona? Mwinshehe alimgeukia kila mtu. Kakiri mwenyewe! Walikaa nyumba moja! Nyote mashahidi, huyu tumbili ni wa upande wa Albano!

Gari moshi la bara likapiga honi stesheni. Mtoto wa Auleria alishtuka, akatupa mikono pembeni, kisha akaikunja na kung'ang'ania kanga ya mamake. Chini ya benchi, mtoto wa tumbili naye alishtuka, akanyoosha mikono, vidole vikitafuta. Hakupata kanga. Akapata mguu wa Mwinshehe, akaukumbatia.

Auleria aliangalia wa kwake, akaangalia yule. Aliona kwamba Mwinshehe hakuuvuta mguu. Na kashata moja aliyoinunua kwake asubuhi, kisha asiile akisema meno yanamuuma, ilikuwa imewekwa chini kando ya kiatu chake, imetafunwatafunwa na vijino vidogo.

Ndipo Bi Wahiba, mamake Nasser, akatoka ndani na kikombe chake. Alikuwa amerudi kutoka Chanika muda uleule kwa mlango wa uani, wala hakuwa amesikia habari yoyote.

— Shikamoo, bibi, walisema wote.

— Marahaba, wanangu.

Akainama, akamtazama yule mdogo.

— Na huyu, mamake yuko wapi?

Theonest, aliyejua mifupa ya kila mnyama, alianza kupangusa vumbi la chaki kwenye mkono wa shati. Gaspar aligeukia reli kana kwamba kuna gari jingine linakuja. Mwinshehe aliinua kikombe chake akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu zamani.

Albano akasimama.

— Mtani, umesema mbele ya watu huyu ni wa upande wangu?

— Nimesema.

— Basi hutundiki mtu wa kwetu shambani kwako. Namchukua. Na kofia yako naichukua, mtoto ana baridi.

Akamvua Mwinshehe kofia kichwani palepale, akamlaza tumbili ndani yake. Mwinshehe alikunja uso, lakini kwa mtani hakuna kukasirika.

— Mchukue! Mpeleke kwa shangazi, wakanyoane masharubu!

Kicheko kikarudi kwenye benchi, na Nasser akamimina kahawa bila kuulizwa. Auleria peke yake ndiye aliyekuwa akiangalia chini. Albano alipoinama kufungua kamba, hapakuwa na cha kufungua. Fundo lilikuwa limeshafunguliwa, na nyuzi za katani zilikuwa zimenasa kwenye vidole vya Mwinshehe.

Msimu uliofuata Mwinshehe alipanda ufuta, ambao tumbili hawaujali.