Fundi Redio Aliyeogopa Sauti

Fundi wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa dereva wa lori na mshonaji. Baba mtu alikuwa na mkono mwepesi. Akianza tu, mama alimwambia mwanawe, "Ongeza redio, mwanangu, majirani wasisikie." Naye akaongeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka baba alipofariki mwaka 1964. Mdogo wake, anayewasomea haya, alikuwa chini ya kitanda.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1970 akafungua kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko. Alizijaribu kwa sauti ndogo mno, sikio limegusa spika, wateja wakamtania: "Fundi, unaitengeneza au inakupa umbea?" Alicheka nao, lakini hakuongeza sauti.

Tarehe 2 Desemba 1978 alimuoa muuguzi, akaapa mbele yetu: "Kipigo kitaishia kwangu." Kweli, hakumgusa mkewe hata kwa kidole. Ila mke akilalamika, hata kama ni chumvi tu, bwana alichukua kofia akaenda zake kibandani, na akirudi hafungui kinywa wiki nzima. Wifi alimlilia: "Nigombeze basi, nijue nina mume!" Sisi tukasema moto huzaa majivu, tukamsifu kwa upole. Kumbe ilikuwa hofu. Mwanawe wa pekee aliigundua mapema: akipaza sauti tu, baba yake anampisha.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Jioni ya tarehe 9 Juni mwaka huu mkewe aliinua mkono amrekebishie mto. Kaka akajikinga kichwa, mzee mzima, akasema, "Baba, basi." Wifi aliketi akalia. Kesho yake asubuhi kaka akafariki.

Ameacha mjane, mdogo wake, mwana mmoja, mkwe na mjukuu wa miaka sita. Tulipopeleka habari ya msiba kwa mwanawe, tulibisha hodi, kimya. Tukasukuma mlango. Mjukuu alikuwa amemziba mama yake mdomo kwa kiganja, akidhani ni baba yake anarudi.

Mtoto wa kaka, usiangalie chini. Shangazi yako anasema mbele ya kaburi la baba yako: mkeo na mwanao leo hawarudi kwako. Wanalala kwangu, na ukija, njoo na wazee.

Kaka apumzike kwa amani. Sisi bado tuna kazi.