Marehemu Novatus Nahimana na Ng'ombe Mmoja wa Ukweni

Marehemu Novatus alizaliwa Bugarama tarehe 4 Juni 1941, mtoto wa tatu wa Mzee Nahimana na Mama Koleta. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mapadri wakampa kazi ya kuandika vyeti vya ubatizo.

Mwaka 1962 aliajiriwa kama karani katika ofisi moja ya serikali. Mwaka 1965 alifunga ndoa na Febronia, binti wa Mzee Anatoli wa Kirushya. Alitoa ng'ombe watatu, akabakiza mmoja. Kwetu mahari haimalizwi. Ng'ombe wa mwisho huachwa makusudi, undugu usije ukakatika.

Novemba 1978, vita vilipoanza, ofisi ilitafuta mtu wa kupokea habari za siri redioni. Marehemu aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Fomu ya upekuzi wa waombaji iliuliza kuhusu madeni. Karani mwenzake, Bwana Bernardo, mzaliwa wa hapahapa, alimwambia, "Andika kila kitu, ndugu yangu. Wakubwa wanapenda mkweli." Marehemu akaandika: ng'ombe mmoja, ukweni. Bwana Bernardo, naye akidaiwa ng'ombe ukweni kwake, aliandika kwenye fomu yake mwenyewe: sidaiwi.

Marehemu alikataliwa. "Anayedaiwa hununulika," alisema mwenyekiti wa kamati, mgeni huku kwetu. Alipokata rufaa, akatakiwa alete ushahidi kwamba amelipa. Akaswaga ng'ombe hadi Kirushya, lakini baba mkwe alikataa kumpokea.

"Ukimaliza leo, mwanangu, kesho nitakuitaje?"

Mzee akatembea mwenyewe hadi wilayani kueleza, akatia dole gumba kwenye karatasi. Miezi yote hiyo marehemu alinyooshewa vidole sokoni kama msaliti. Jibu lilikuja Agosti 1979, vita vimekwisha: rufaa imekubaliwa, nafasi imeshajazwa. Aliyeijaza amekaa pale benchi la mbele, na suti yake. Hajaomba radhi hadi leo.

Marehemu aliugua figo tangu 1982, akafariki nyumbani tarehe 11 Machi 1984, Febronia akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto sita, na deni la ng'ombe mmoja Kirushya, ambalo wanawe tumekubaliana hatutalilipa. Bahasha ya rambirambi ya Bwana Bernardo iko mezani, haijafunguliwa, ataichukua akitoka.

Mungu amlaze salama Novatus, aliyeulizwa akasema kweli.